Jiolojia ya mazingira: somo linalohusu maji yetu

Mtoto akisema anataka kusomea jiolojia, wazazi wengi hufikiria dhahabu na vito. Katika Kitui na Makueni, swali la kwanza analoulizwa mwanajiolojia ni jingine: maji yako wapi?

Sehemu kubwa ya kaunti hizi mbili imekaa juu ya miamba migumu ya kale. Maji hayapiti ndani ya mwamba wenyewe, bali hukaa kwenye nyufa zake na kwenye tabaka lililolainika juu yake. Ndiyo maana kisima kirefu kinaweza kutoa maji mazuri, na kingine kilicho karibu nacho kikatoka kikavu au chenye chumvi. Kabla ya kibali cha kuchimba kutolewa, Mamlaka ya Rasilimali za Maji huhitaji ripoti ya uchunguzi wa maji ya chini ya ardhi. Kikundi kinachoruka hatua hiyo hucheza bahati nasibu na michango ya wanachama.

Miamba hiyo hiyo ina faida yake. Ikimomonyoka hutoa mchanga wa chembe kubwa, na mvua huuleta kwenye mito yetu ya msimu. Ukuta ukijengwa juu ya mwamba usio na nyufa, mchanga hujaa nyuma yake na maji hubaki katikati ya chembe, mbali na jua. Hilo ndilo bwawa la mchanga. Ukuta ukiwekwa juu ya mwamba uliopasuka, maji hupita chini na jasho la wananchi linapotea. Kuutambua mwamba huo ni kazi ya mtu aliyesoma.

Mchanga ukizolewa kupita kiasi, hifadhi hiyo huondoka, kingo za mto huporomoka, na kina mama huchimba chini zaidi kupata mtungi mmoja. Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015. Lakini sheria inahitaji mtu wa kupima: sehemu hii ya mto ina mchanga kiasi gani, na kiasi gani kinaweza kutolewa?

Huko Kitui, kuna makaa ya mawe katika bonde la Mui na mawe ya chokaa upande wa Mutomo. Mradi mkubwa wa uchimbaji lazima ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wakaazi wana haki ya kutoa maoni. Ripoti hizo ni ndefu na za kitaalamu. Baraza lenye kijana wa kwao anayeweza kuzisoma huuliza maswali magumu zaidi.

Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha jiolojia. Hapa nyumbani, Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, Kitui, kina shahada ya haidrolojia na usimamizi wa rasilimali za maji, somo lililo karibu sana na hilo. Shahada huhitaji angalau C+ katika KCSE. Mwanafunzi asiiache hisabati, kemia, fizikia wala jiografia mapema. Na ajiandae kutembea: sehemu kubwa ya masomo hufanyika nje, kwa nyundo, dira na ramani.

Tangu sheria ya mwaka 1993, wanajiolojia husajiliwa na bodi yao. Kikundi kinachotaka kisima kimwombe mtaalamu aonyeshe cheti cha usajili kabla ya kumlipa.