Tole ya trakta imeoza: kwa nini kiraka cha manjanja hakifai

Masisi mvua ni nyingi, Walikale ni pori lenye unyevu. Kwenye trakta ya zamani, tole ya juu ya gurudumu huoza haraka, kwa sababu udongo unabaki chini yake na kushika maji.

Wengine huziba tundu kwa mastiki, lakini ndani kutu inaendelea kula. Dawa ni kukata mpaka kufikia chuma kizima, kisha kuweka kiraka cha unene uleule. Kichomelewe nukta kwa nukta, huku na huku. Ukifuata mstari mmoja, moto unakunja tole. Mwishoni, rangi ya kuzuia kutu ipakwe pande zote mbili.

Kipande cha manjanja ya nyumba ni rahisi kupata, lakini ni chembamba, tena kimepakwa zinki. Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe. Fundi akiuvuta, usiku anatetemeka kwa homa, anafikiri ni malaria. Kwa kawaida homa hiyo inaisha kwa siku 1 ao 2. Hata hivyo aende kupimwa, na amwambie muganga kama alichomelea manjanja. Kifua kikibana, asingojee kesho.