Pompi ya betoni: wakati gani tuikubali, wakati gani tuikatae

Kamio yenye mukono murefu ikiingia mu shantiye, mbele hata ya motere kuzimika, swali ya vibarua iko tayari: «Delege, hii mashini inakuja kutunyanganya kazi?» Tuliisikia Kolwezi, tuliisikia Likasi, tuliisikia na hapa kwetu Lubumbashi. Kwa miaka mingi sisi watu wa sendika tulijibu mbio: ndiyo, pompi ni adui wa kibarua, tuikatae. Leo hatujibu tena vile, na ni lazima tueleze sababu, kwani jibu letu la zamani liliumiza mutu.

Siku ya dali

Ilikuwa mu kiwanda kimoja cha kusafisha shaba. Kampuni ndogo iliyochukua kazi ilipaswa kumwaga dali ya etaje: urefu metre 20, upana metre 10, unene santimetre 20. Hiyo ni metre kibe 40 za betoni, na dali ilikuwa metre 4 juu ya udongo. Enjenyere aliomba pompi. Sisi tukasimama upande wa vibarua: watu 40 wanangoja kazi pa mulango, wapewe buruweti. Bwana wa kampuni hakubishana hata kidogo. Kukodi pompi kulikuwa na bei kali, na kibarua analipwa kidogo. Hapo ndipo tulipaswa kushituka. Mwajiri akikubali ombi lako mbio mbio, rudia kuangalia ni kitu gani umeomba.

Hesabu hatukuifanya siku ile. Tuifanye leo. Metre kibe 1 ya betoni inapima karibu kilo 2400. Buruweti moja pa njia ya kupanda inabeba litre 50, ni kusema kilo 120. Kwa metre kibe 1 ni safari 20. Kwa dali yote ni safari 800, tani 96 kwa mikono ya watu, juu ya mbao. Betoniere zilikuwa mbili, na kila moja ilitoa karibu metre kibe 2 kwa saa. Hata bila kupumzika, bila kula, kazi ilikuwa ya saa 10.

Na ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Kila mutu wa huku anajua mvua ya mwezi ule. Kisha saa tisa ya mangaribi mawingu yakafunga, shefu akaanza kupiga kelele, watu wakaanza kukimbia na buruweti. Mbao zilikuwa zimelowana na mayi ya betoni. Ndugu mumoja aliteleza, buruweti ikamuvuta, wakaanguka pamoja. Hakufa. Lakini mufupa wa nyonga ulivunjika, na tangu siku ile hajashika tena kazi ya nguvu. Mama wa nyumba yake anauza makala ku soko.

Tulienda kumuona ku hopitali, na kilo mbili za sukari na maneno ya pole. Alituangalia, akasema: «Ba delege, mulinitetea kazi. Sasa miguu yangu, nani aliitetea?» Hatukupata jibu. Dali nayo, pale ilipoachwa juu ya mvua, ilipasuka pa kiungo. Sehemu ile ilibomolewa na kumwagwa tena. Kwa pompi.

Maswali ya kuuliza mbele

Tangu pale tumejifunza kuuliza maswali mbele ya kusema ndiyo ao hapana.

Ya kwanza ni wingi na mahali. Kama ni betoni kidogo, metre kibe 4 ao 5, na kamio inaweza kufika pembeni ya shimo, pompi ni feza ya bure. Betoni ya musingi inateremuka yenyewe kutoka ku kamio. Tusisahau kwamba pompi nayo inakula: ndani ya tiyo ya milimetre 125, kila metre 100 inabakiza zaidi ya metre kibe 1 ya betoni, na mbele ya kuanza ni lazima kupitisha uji wa simenti ili tiyo ipate kuteleza. Lakini kama betoni inapaswa kupanda juu, ao kuvuka mufereji, ao kuingia ndani ya jengo pale kamio haifike, hapo pompi iko na sababu. Wale wanaofanya kazi chini ya udongo wanaelewa haraka: mu galeri, kusukuma buruweti ya kilo 120 pa mahali peusi na pa mateso si heshima kwa mutu.

Ya pili ni saa. Betoni ni kama mukate wa moto, haingoji. Tangu mayi yanagusa simenti, tuhesabu karibu saa moja na nusu, na mu jua kali la mwezi wa kumi ni chini ya hapo. Kuna kazi ambazo zinaweza kukatwa leo na kuendelea kesho. Kuna zingine ambazo hazikatwe: ukuta wa beseni ya asidi, musingi wa mashini ya kusaga mawe ambayo inatetemeka usiku na muchana. Mule kiungo ni ufa wa kesho. Kwa kazi kubwa ya namna ile, pompi inalinda kazi na inalinda mutu.

Ya tatu ni betoni yenyewe. Si kila betoni inapita ndani ya tiyo. Jiwe kubwa lisipite sehemu moja ya tatu ya upana wa tiyo. Kwa tiyo ya milimetre 125, mawe ya milimetre 20 ao 25 yanaenda muzuri. Muchanga ukiwa kidogo, tiyo inaziba. Kisha shefu anasema: ongezeni mayi! Hapana. Mayi mengi yanapitisha betoni leo na kuiua kesho. Kama betoni inachanganywa kwa spade, kila mutu na kipimo chake, usilete pompi. Na kama kamio za betoni hazifuatane, pompi itangoja, na betoni itakauka ndani ya tiyo.

Ya ine ni mahali pa kuisimamisha. Mashini ile iko na miguu mine ya chuma, na kila muguu unasukuma udongo kwa nguvu sana. Udongo wa kujaziwa, ao pembeni ya mufereji, hauaminiki. Miguu ikae juu ya mbao nene. Na inua macho: kama waya za umeme ziko karibu, mukono wa pompi usikaribie hata metre 5, na kama hakuna namna ya kuhakikisha ile, umeme ukatwe ao kazi isimame.

Pompi nayo inaua

Tusidanganyane: kutoa buruweti hakutoi hatari. Mu shantiye ingine tuliona tiyo ya mwisho, ile ya kaucho, ikirushwa kama nyoka. Hewa ilikuwa imefungwa ndani. Ilipotoka, tiyo ilipiga kijana mumoja pa kifua na kumutupa. Alipona, kwa neema.

Tangu pale tunaomba hivi, na hatupunguze. Pompi inapoanza, na kila mara inaporudia kuanza kisha kuziba, hakuna mutu karibu na mwisho wa tiyo. Tiyo isikunjwe. Mutu mumoja tu ndiye anasemesha shofere wa pompi, kwa ishara ao kwa redio. Tiyo ikiziba, hakuna kufungua kiungo mbele nguvu ya ndani haijatoka. Ukuta unamwagwa kwa tabaka, polepole, kwani pompi ikijaza mbio, kofraji inapasuka na kufunika watu. Wakati wa kusafisha kwa hewa, wote wanatoka mbali. Na bote, gan na miwani ni za kila mutu: simenti mbichi inachoma ngozi.

Na kazi ya watu?

Hapa ndipo penye uchungu. Pompi haitandaze betoni, haitetemeshe, haisawanishe, haimwagie mayi siku 7. Watu wanabaki, lakini si 40. Ku kazi ya mwisho tuliyojadili, vibarua 12 walibaki ku dali, 9 walitumwa kufunga vyuma vya dali ya pili, na 19 walilipwa siku moja wakarudi nyumbani. Hatukushinda yote. Lakini wote 40 walirudi na miguu yao, na tuliomba vijana wawili wa hapa wajifunze kuongoza pompi, ili shofere asitoke mbali kila mara. Mupaka leo tunangoja jibu la ombi lile, na tutalirudilia.

Ndugu delege, Code du travail ya 2002 inaomba komite ya usalama na usafi ndani ya kampuni. Leta maswali haya mule, juma moja mbele ya kumwaga, isiwe asubui ile pompi imekwisha kufika pa mulango.

Na wewe baba, mama, unayejenga ku site: kwa pavema ya nyumba yako pa udongo, pompi ya nini? Ita majirani, anza saa kumi na mbili asubui, mwagia mayi siku 7. Lakini kama unamwaga etaje, usikubali watu wakimbie na buruweti juu ya mbao zilizolowana, hata kama wao wenyewe wanakuomba ile kazi.

Sisi pia tuliombwa, na tulikubali. Leo mbele ya kujibu tunauliza: ni kilo ngapi, ni metre ngapi juu, ni saa ngapi, na nani atasimama chini.