Miaka 40: santrali ya nyuklia inazeeka namna gani?

Wandugu, juzi mdogo wangu alisoma kwenye simu kwamba Ubelgiji imeongezea santrali zake mbili za nyuklia miaka 10. Akaniuliza: "Yaya, ruhusa si imeisha? Wanatumia kitu chenye kupita tarehe?"

Sisi wa agronomia tunajua hiyo hesabu. Mfuko wa mahindi ya mwaka jana hatuutupi hivi hivi. Tunachukua mbegu 100, tunaziotesha, tunahesabu zenye kuota. Njo jibu.

Nyuklia iko karibu vile. Ile miaka 40 haikutoka kwenye chuma. Kwa Wabelgiji ilitoka kwenye sheria ya 2003 ya kuachana na nyuklia. Marekani, kwenye sheria ya 1954, na hesabu ya pesa ilikuwa na uzito kuliko ufundi. Pampu, nyaya, hata jenereta za mvuke, zinabadilishwa. Kisichobadilishwa ni pipa kubwa la chuma lenye kubeba urani. Nyutroni zinalipiga kila siku, na kidogo kidogo chuma kinakuwa chepesi kuvunjika. Kwa hiyo tangu mwanzo wanaweka ndani vipande vya chuma kile kile, karibu zaidi na urani, ili vizeeke mbele ya pipa. Kisha miaka fulani wanatoa vingine, wanavipiga nyundo, wanapima nguvu iliyovivunja. Mbegu 100, sivyo?

Sasa angalieni Doel 3 na Tihange 2. Mwaka 2012, zikiwa na miaka 30 hivi tu, kipimo kinachofanana na ekografia ya mama mjamzito kilionyesha maelfu ya nyufa ndogo ndani ya chuma cha mapipa. Uzee? Hapana. Haidrojeni ilibakia ndani tangu kiwandani. Zikasimamishwa, zikarudi kazini, zikafungwa kabisa 2022 na 2023. Zenye kuongezewa mpaka 2035 ni Doel 4 na Tihange 3, zote za 1985.

Mimi sipingi kuongeza. Ninapinga mbio mbio. Uamuzi wa Doel 4 na Tihange 3 ulikuja Machi 2022, wiki chache tu kisha Urusi kuingia Ukraine, gesi ikiwa bei ya juu. Na mbele ya hapo, mwaka 2015, Doel 1 na 2 ziliongezewa miaka 10 bila uchunguzi wa mazingira. Mwaka 2019 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikasema uchunguzi ulipaswa kutangulia, na kwa vile Doel iko karibu na mpaka wa Uholanzi, majirani nao walipaswa kuhusishwa. Wakati huo mashini zilikuwa zinazunguka tayari. Zilifungwa 2025.