Ngumi ya Ryu ni ileile, sheria ndizo zinazobadilika

VIJANA wa Buyenzi wanaocheza gemu kila jioni wana ubishi mmoja usiokwisha: Hadoken ya kweli ni ipi? Wapo wanaoapa kuwa ni ile ya Street Fighter ya zamani, inayokwenda kama mpira mdogo wa buluu. Wengine wanasema ni ile ya michezo ya Marvel, inayovuka skrini nzima. Kwa kuwa baadhi yao nawafundisha, na mimi mwenyewe niliucheza mchezo huo nikiwa mwanafunzi Kigoma, huniletea kesi hiyo niihukumu.

Kwa faida ya msomaji asiyeujua, Ryu ni mpiganaji aliyebuniwa na kampuni ya Capcom ya Japani. Hadoken ni pigo lake maalumu. Anakusanya viganja kiunoni, anavisukuma mbele, na nguvu inatoka mikononi kumfuata adui. Kwa Kijapani jina hilo lina maana ya ngumi ya mawimbi. Mchezaji hulitoa kwa kushusha kishikio chini, kukizungusha hadi mbele, kisha kubonyeza kitufe cha ngumi.

Street Fighter ya kwanza ilitoka mwaka 1987. Wakati huo Hadoken ilikuwa kama dawa ya mganga. Kuitoa kulikuwa kugumu mno, hata kwa aliyejua namna, maana mashine ilidai vidole viende sawasawa bila kukosea. Lakini ikimpata adui ilikula sehemu kubwa ya uhai wake. Mapigo machache tu, pambano limekwisha.

Mwaka 1991 ikaja Street Fighter II, na mambo yakageuka. Kuitoa kukawa rahisi zaidi, lakini madhara yake yakapungua. Je, ilidhoofika? Hapana. Ilipata kazi nyingine. Kitufe chepesi kiliitoa ikienda polepole, kizito kikaitoa ikienda mbio. Mchezaji mjanja aliirusha ile ya polepole ili adui aruke kuikwepa. Akiwa bado hewani hana pa kukimbilia, Ryu anamsubiri na Shoryuken, ile ngumi ya kupanda juu. Hadoken haikuwa tena rungu la kuulia, ikawa chambo. Nadhani hapo ndipo mchezo ulipogeuka kuwa mashindano ya akili.

Mwaka 1994, katika Super Street Fighter II Turbo, ikazaliwa Shinku Hadoken, inayopiga mara kadhaa kwa mfululizo. Hii haitoki mpaka mchezaji ajaze kwanza kipimo chake cha nguvu.

Ryu uhamishoni

Kisha Ryu akatoka kwao. Mwaka 1996 Capcom ilimkutanisha na mashujaa wa Marvel katika X-Men vs. Street Fighter. Huko watu wanaruka juu hadi kupotea kwenye skrini, na Cyclops anarusha miale kwa macho. Mpira mdogo ungemsaidia nini? Shinku Hadoken ikageuka kuwa mwale mnene unaovuka skrini kutoka upande huu hadi ule. Wahenga walisema, ukifika kwa wenye chongo, fumba lako jicho.

Lakini hata nyumbani sheria zilibadilika. Street Fighter III ya mwaka 1997 ilimruhusu adui kusukuma kishikio mbele wakati pigo linapomfikia, akalipangua bila kuumia. Aliyezoea kurusha Hadoken kutoka mbali na kungoja ushindi akajikuta hana kazi.

Mwaka 2015 Ryu alialikwa katika Super Smash Bros. ya Nintendo. Humo mtu hapotezi uhai kidogo kidogo, bali hushindwa akitupwa nje ya uwanja. Hadoken hutoka kwa kitufe kimoja, ili hata mtoto aiweze. Hata hivyo, anayeizungusha kwa njia ile ya zamani hupata yenye nguvu zaidi. Street Fighter 6 ya mwaka 2023 nayo ina njia nyepesi ya kitufe kimoja, ila pigo la njia hiyo huumiza kidogo kuliko la njia ndefu.

Hukumu yangu

Hukumu ninayowapa vijana ni hii: zote ni za kweli. Viganja ni vilevile, jina ni lilelile. Asiulize mtu ina nguvu kiasi gani kabla hajauliza inachezwa kwa sheria zipi.

Nalisema hili kwa sababu nimelipitia. Wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka 1972, mimi nikazaliwa na kusomeshwa Tanzania kwa Kiswahili, kisha Kiingereza. Niliporudi mwaka 2009, hesabu niliyoijua ilikuwa ileile ya upande wa pili wa mpaka. Lakini ofisi moja iliniuliza maswali kwa Kifaransa, nikanyamaza, ikaandika kwamba sifai kufundisha. Ilinichukua miaka miwili ya kujifunza lugha hiyo usiku ndipo nikasimama mbele ya ubao. Katika miaka hiyo sikuongeza hata kanuni moja ya hesabu.

Tangu mwaka 2017 watoto wengi wamerudi kutoka kambi za Tanzania. Anapoingia darasani mtoto wa miaka kumi na tatu asiyejua Kifaransa, ni rahisi kumrudisha akae na wa miaka minane na kumwita mzito. Walimu wenzangu, kabla ya kumshusha, mpeni swali hilohilo kwa Kiswahili. Mkiona amelijibu, mjue kinachomshinda ni lugha. Mfundisheni hiyo, na darasa lake mwacheni nalo.