Roboti hufundishwa na fundi: neno kwa wazazi wenye vijana

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, wazazi hutujia katika kamati ya msikiti kutaka ushauri, na siku hizi swali moja limekuwa likijirudia. Kuna faida gani kumpeleka kijana chuo cha ufundi, ilhali viwanda vya dunia vinakabidhiwa kwa roboti? Mzazi anayeuliza hivyo ana haki yake. Anaogopa kutoa ada ya miaka miwili au mitatu kwa ajili ya kazi ambayo mashine itakuwa imeichukua kabla mwanawe hajanunua hata sanduku la zana. Swali lake linahitaji jibu linalotokana na namna mashine hizo zinavyofanya kazi, wala si yale yanayoonyeshwa kwenye filamu.

Mkono usio na kiganja

Roboti ya kwanza ya kiwandani, iliyoitwa Unimate, ilianza kazi mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors jimboni New Jersey, Marekani. Kazi yake ilikuwa kutoa vipande vya madini vilivyokuwa vingali vya moto kutoka katika mashine ya kalibu, kazi ya hatari kwa binadamu. Hadi leo roboti nyingi za viwandani hazina uso wala miguu. Ni mkono mmoja wa chuma, aghalabu wenye viungo sita, uliokazwa sakafuni kwa bolti.

Wengi wetu hatujui kwamba mkono huo hutoka kwa mtengenezaji bila kiganja. Haujui kama utachomelea milango ya magari, utapaka rangi au utapanga maboksi ya biskuti. Kiwanda kinachoununua hulazimika kuurekebisha kulingana na kazi yake. Kama ni kuchomelea, hufungwa kifaa cha kuchomelea kwenye ncha yake. Kama ni kubeba vioo, hufungwa vikombe vinavyonyonya hewa ili kioo king'ang'anie. Kama ni kushika vyuma, hufungwa koleo. Kisha hupimwa uzito wa mzigo na umbali ambao mkono utaufikia, hutengenezwa kalibu ya kushikilia kitu kinachofanyiwa kazi kisisogee, na eneo lote huzungushiwa uzio ambao mlango wake ukifunguliwa mashine husimama.

Katika kila hatua hiyo kuna maswali ambayo roboti haiwezi kuyajibu. Je, bati hili hupinda likipata moto? Biskuti hizi zikibanwa kiasi gani zitavunjika? Majibu anayo mtu aliyeifanya kazi ile kwa mikono yake.

Fundi anakuwa mwalimu

Baada ya hapo roboti hufundishwa. Fundi hushika kidhibiti chenye kioo na vitufe, akausogeza mkono ule polepole kutoka nukta moja hadi nyingine, na kila nukta huhifadhiwa kwenye programu. Zipo pia roboti ndogo zilizoundwa kufanya kazi karibu na watu, kama zile ambazo kampuni ya Universal Robots ya Odense, Denmark, ilianza kuziuza mwaka 2008. Hizi fundi huweza kuzishika na kuziongoza kwa mkono wake, mfano wa mwalimu wa madrasa anayeushika mkono wa mtoto akimfundisha kuandika alifu.

Kidhibiti kile kina kitufe cha usalama ambacho kinatufunza jambo. Fundi akikibana kwa kiasi, mkono husogea. Akikiachia, husimama. Akikibana kwa nguvu zote, kama afanyavyo mtu aliyeshtuka, pia husimama. Aidha, kanuni za kimataifa zinataka mwendo wa roboti wakati wa kufundishwa kwa njia hiyo usizidi milimita 250 kwa sekunde, ili mtu apate nafasi ya kujiepusha.

Tahadhari hizi zina sababu. Januari 25, 1979, mfanyakazi mmoja wa kiwanda cha vipuri vya magari huko Flat Rock, Michigan, Marekani, alipanda kwenye rafu kuchukua vipuri, na mkono wa mashine ukampiga na kumuua. Ndiyo maana mafunzo ya kuendesha roboti huanza na kuzima umeme, kufunga swichi kwa kufuli na kuhakikisha hakuna mtu ndani ya uzio, kabla ya mwanafunzi kugusa programu yoyote.

Yaliyotokea Toyota

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Japani. Mwaka 1963 kijana aitwaye Mitsuru Kawai, aliyekuwa amemaliza shule ya kati tu, alijiunga na chuo cha ufundi cha kampuni ya Toyota. Baadaye alipelekwa kwenye karakana ya kufua chuma, akaishi miaka mingi kati ya tanuri na nyundo, na akashuhudia roboti zikiingia kiwandani.

Kadiri mashine zilivyozidi, Kawai aliona hatari. Vijana walijua kubonyeza kitufe, lakini kipande kilipotoka na kasoro hawakuweza kueleza sababu. Mashine hurudia kile ilichofundishwa, kizuri au kibaya, na mtu asiyeijua kazi hawezi kuiboresha. Kufikia mwaka 2014 Toyota ilikuwa imerudisha kazi za mikono katika vituo vipatavyo 100 nchini Japani. Wafanyakazi walirudi kufua kranki za injini kwa nyundo, wakajifunza tabia ya chuma, na maarifa hayo yakatumika kurekebisha mashine. Iliripotiwa kwamba upotevu wa chuma katika utengenezaji wa kranki ulipungua kwa asilimia 10. Mwaka 2017 Kawai alipandishwa kuwa makamu wa rais mtendaji wa Toyota, mtu wa kwanza kufika hapo akitokea karakana.

Nasaha kwa wazazi

Tusidanganyane. Kazi ya kunyanyua hapa na kuweka pale, isiyohitaji kufikiri, ndiyo ya kwanza kuchukuliwa, na wapo watu katika nchi za viwanda waliopoteza riziki kwa njia hiyo. Anayebaki ni yule anayeijua kazi kwa undani na anayekubali kuendelea kujifunza.

Hivyo basi, tunapomtafutia kijana chuo, tusiishie kuuliza ada na cheti. Tuulize ni saa ngapi kwa wiki atashika zana. Tuulize kama atajifunza umeme, vipimo na kusoma michoro pamoja na kuchomelea au kukereza, kwa sababu hayo ndiyo yatakayomwezesha kesho kuirekebisha mashine badala ya kuifagilia sakafu. Na binti mwenye kipaji cha hesabu asiachwe nyuma, kwani kuifundisha roboti hakuhitaji misuli.

Zaidi ya yote, tuache kuwaambia watoto wetu kwamba ufundi ni wa walioshindwa mtihani. Kijana akienda karakana akiwa ameshavunjwa moyo na wazazi wake, atajifunza nusu. Na fundi wa nusu ndiye ambaye roboti itamwondoa.