Gari gerejini ni amana, na amana ina pande mbili

Katika miji yetu gari si tena alama ya utajiri. Ni chombo cha kumfikisha mtoto shule na madrasa, mgonjwa hospitali, bidhaa dukani, na familia nzima kwa wazee wakati wa Idi. Kwa nyumba nyingi ni mali yenye thamani kubwa kuliko zote baada ya nyumba yenyewe, na kwa anayepanga ndiyo ya kwanza. Hata hivyo, mali hiyo tunaikabidhi kwa mtu mwingine bila maandishi, bila bei na bila makubaliano, kwa neno moja tu: "Fundi, hebu liangalie."

Kutokana na neno hilo huzaliwa magomvi tunayoyasikia kila siku. Mwenye gari alidhani anatengenezewa breki, akaletewa hesabu ya kazi tano. Fundi alidhani atalipwa jioni, akaambiwa arudi mwisho wa mwezi. Ndugu wawili wa msikiti mmoja wanaacha kusalimiana kwa sababu ya bushi na shokapu. Sheria yetu haikuliacha jambo hili bila mwongozo, na wanaoliangalia kwa jicho la ufundi na wanaoliangalia kwa jicho la fiqhi wanakutana mahali pamoja.

Gari lililozoea kukaguliwa

Magari mengi ya familia yanayotembea Dar es Salaam, Tanga na Unguja yalitumika kwanza Japani. Huko sheria hulazimisha ukaguzi uitwao "shaken": gari jipya la abiria hukaguliwa linapotimiza miaka 3, na baada ya hapo kila miaka 2. Likishindwa, haliruhusiwi kuendelea kutembea barabarani mpaka lirekebishwe. Gari hilo likishafika kwetu, mzigo mkubwa wa uangalizi huhama kutoka kwa serikali ya huko kuja kwa baba au mama mwenye funguo. Wengi hatutambui kwamba tumeupokea mzigo huo, mpaka gari lizime njiani na watoto wakiwa ndani.

Matengenezo mengi hayahitaji elimu kubwa. Yanahitaji kujua kwa nini. Oili ya injini huchoka kwa joto na uchafu. Ikiachwa hugeuka tope, na injini inayoendeshwa kwa tope hujisaga yenyewe. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani kidogo kidogo. Maji yakishakuwa mengi ndani yake, mafuta hayo huchemka kwa joto la chini zaidi, nao mguu hukanyaga pedeli ikazama bila kushika. Ndiyo maana breki zinaweza kuwa nzuri mjini na kushindwa kwenye mteremko mrefu. Rejeta iliyojazwa maji ya bomba mwaka baada ya mwaka hushika kutu, gari huchemsha, na gasketi ya silinda hedi huungua. Na gia boksi za aina ya CVT, zilizojaa katika magari madogo ya siku hizi, zina mafuta yake maalumu. Akitiwa mengine na fundi asiyesoma kitabu cha gari, mkanda wake wa ndani huteleza na kusagika.

Tairi nayo ina tarehe yake ya kuzaliwa. Ubavuni kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi yenye 2319 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani, kwa hiyo tairi iliyong'arishwa kwa dawa nyeusi inaweza kuwa kongwe kuliko mtoto anayeketi kiti cha nyuma. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na bedui kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Allah, alimwelekeza afunge kwanza kisha ategemee. Dua ya safari tunayowafundisha watoto wetu haiondoi wajibu wa kutazama tairi kabla ya kuisoma.

Kazi ijulikane, ujira ujulikane

Katika Surat al-Qasas tunasoma kisa cha Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyan. Mmoja wa wale mabinti wawili alimshauri baba yake amwajiri, akataja sifa mbili za mwajiriwa bora: nguvu na uaminifu. Wanazuoni wamechukua hapo mizani ya kuchagua mfanyakazi. Kwa fundi wa gari, nguvu ni ujuzi. Fundi mwaminifu asiyejua umeme wa gari atakuunguzia kompyuta kwa nia njema, na fundi hodari asiye mwaminifu atakuibia kwa ustadi.

Jambo la pili katika kisa hicho tunalipita haraka. Yule baba alitaja muda na masharti kabla Musa hajaanza kazi: miaka minane, na akikamilisha kumi ni kwa hiari yake. Huo ndio msingi wa ijara katika fiqhi: kazi ijulikane na ujira ujulikane. Ujira usipotajwa, mafakihi huirejesha kazi kwenye ujira wa mfano, yaani kile ambacho kazi kama hiyo hulipwa kwa desturi ya mahali hapo. Lakini kufika huko maana yake ni kwamba ugomvi umekwisha kuingia.

Kwa hiyo mwenye gari aseme anachokiona, si anachokidhani. Aseme, "Gari linavuta kushoto nikishika breki," asiseme, "Badilisha pedi." Kutambua ugonjwa ni kazi ya fundi, na mwenye kuagiza dawa mwenyewe asimlaumu tabibu. Fundi naye apime kwanza, ataje bei ya kazi na ya vipuri mbali mbali, kisha asubiri idhini. Akifungua na kukuta ubovu mwingine, apige simu kabla ya kuendelea. Kazi iliyofanywa juu ya mali ya mtu bila ruhusa yake haimpi aliyeifanya haki ya kudai malipo atakayo.

Maradhi ya "cha juu"

Hapa ndipo penye kidonda. Mwenye gari humpa fundi fedha akamnunulie kipuri Kariakoo au Gerezani. Kipuri kinauzwa shilingi 60,000, fundi anaripoti 80,000, na risiti huandikwa kama atakavyo. Mtaani wanaita "cha juu", na wengi wameizoea hata hawaioni tena kuwa ni dhambi.

Kifiqhi, fundi anayetumwa kununua ni wakili wa aliyemtuma, na mkono wa wakili ni mkono wa amana. Bei aliyonunulia ndiyo bei anayopaswa kuitaja, na punguzo alilopewa dukani ni la mwenye fedha. Akisema 80,000 kwa kilichouzwa 60,000, amesema uongo na amekula mali ya mtu kwa batili. Wala njia ya halali haijafungwa. Aseme wazi, "Kwenda na kurudi, na ujuzi wangu wa kutambua kipuri kizuri, nitakutoza kiasi hiki." Au anunue kwa fedha zake mwenyewe, kipuri kiwe mali yake, kisha akuuzie kwa bei mtakayokubaliana. Shilingi 20,000 ile ile inaweza kuwa halali au haramu. Kinachozitenganisha ni kusema kweli.

Kubwa kuliko bei ni kipuri bandia. Pedi ya breki isiyo na kiwango haimwibii mtu fedha tu, inamwibia mita za kusimamia. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono katika lundo la chakula, vidole vyake vikakuta unyevu chini. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka juu watu wauone, na akatangaza kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Hadithi hii imo katika Sahih Muslim. Anayefunga kipuri bandia katika boksi la kipuri halisi ameficha unyevu chini ya lundo. Kwa Tanzania Bara, malalamiko ya bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003. Kulalamika huko si fitina, ni kumlinda atakayenunua baada yako.

Likiharibika mikononi mwa fundi

Gari limeachwa gerejini usiku, asubuhi redio haipo. Au kijana anayejifunza kazi amelijaribu barabarani, akaligonga. Nani alipe? Swali hili lina umri mrefu kuliko magari, kwani mafakihi walilijadili kwa fundi cherehani, mpaka rangi na mfua nguo.

Imepokewa kwamba Ali bin Abi Talib (r.a.) aliwadhaminisha mafundi vitu vya watu walivyokabidhiwa, kwa hoja kwamba watu hawatatengenea bila hivyo. Maliki waliuchukua msimamo wa kuwadhaminisha. Abu Hanifa aliona fundi halipi isipokuwa kilichoharibika kwa kitendo chake, nao wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, wakamtaka alipe isipokuwa kwa janga lisilozuilika. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wa watu wa pwani yetu huifuata, ni kwamba mkono wa fundi ni mkono wa amana: halipi ila akivuka mipaka au akizembea. Hata hivyo al-Rabi, mwanafunzi wa Imam Shafi, amesimulia kuwa Imam mwenyewe aliitakidi hivyo lakini hakuwa akilitangaza, akichelea mafundi waovu wasije wakalifanya ngao.

Tuuangalie ucha Mungu wa jambo hili. Imam aliona haki ya fundi mwema, na papo hapo akaogopa haki ya mteja isipotee. Fundi wa leo anayeegemea hukumu hii akumbuke sharti lake. Kuliacha gari la mtu nje bila mlinzi, kumpa ufunguo asiye na leseni, kulitumia gari la mteja kwa safari zako: vyote hivyo ni uzembe au kuvuka mipaka, na dhamana inarudi kwa wote.

Wakala rasmi au gereji ya mtaani?

Wasomaji hutuuliza mara nyingi ipi bora. Wakala rasmi wa kampuni ana karatasi ya makadirio, vipuri vyenye asili inayojulikana na kumbukumbu ya gari lako. Kwa gari jipya lililo bado katika dhamana ya kiwanda, mtu asome masharti ya dhamana hiyo kabla hajalipeleka kwingine. Gharama zake ni kubwa, na karatasi nzuri peke yake si uaminifu. Huko pia mteja ana haki ya kuuliza kila mstari wa hesabu. Gereji ya mtaani ni nafuu, ipo karibu, na fundi wake unamjua kwa jina. Kinachokosekana mara nyingi ni maandishi, na maandishi hayana gharama. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandikiana. Karatasi moja yenye tarehe, kilomita, kazi, bei na sahihi mbili inatosha. Na kipuri cha zamani kirudishwe mkononi mwa mwenyewe: ni mali yake, na ni ushahidi kwamba kipya kimewekwa.

Haki ya fundi

Tusiwe watu wa kudai bila kutoa. Yuko mwenye gari anayepigania bei mpaka fundi anakubali hasara, kisha anashangaa kazi kuwa ya hasara. Yuko anayeliacha gari miezi mitatu katika uwanja wa mtu, na anayelichukua kwa ahadi ya kesho isiyofika. Katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Allah (s.w.) ametaja watatu atakaokuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akatimiziwa kazi, asimlipe ujira wake. Fundi aliyelala chini ya gari lako juani ana watoto wanaosubiri chakula cha jioni.

Daftari ndani ya gari

Tunapendekeza kila familia iwe na daftari dogo la gari, liandikwe na yeyote mwenye mwandiko mzuri nyumbani, hata mtoto wa darasa la sita. Iandikwe tarehe ya kumwaga oili na kilomita zake, tarehe ya tairi, ya betri, ya mafuta ya breki, na jina la aliyefanya kazi. Mama anayeingia gerejini na daftari mkononi ni vigumu kubabaishwa. Siku ya kuliuza gari, daftari hilo litamwonyesha mnunuzi mazuri na mabovu, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa wauzianao wakisema kweli na kubainisha aibu, biashara yao hubarikiwa.

Na mafundi wetu Waislamu, ambao ni wengi na wengi wao ni wema, tunawaomba jambo moja. Mnapokaza nati ya mwisho ya gurudumu, mjue kwamba mwenye gari hatainama kuikagua. Atawapandisha watoto wake, atasoma dua, na ataondoka akikuamini. Mwenye kuiona nati ile ni wewe na Mola wako. Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitekeleza amana kwa wenyewe, na atulindie familia zetu njiani. Amin.