Mikoko na mafuta: kijani kwenye satelaiti si lazima kiwe kupona



Swali la kama mikoko iliyochafuliwa na mafuta imepona huwa tunawaachia wenye meli na maofisa walijibu. Siku hizi hata sisi tulioko huku Tianxiu Dasha, Guangzhou, tunaweza kulichunguza. Picha za Landsat ni bure tangu 2008, na zile za mita 30 zinarudi nyuma hadi 1982.

Kazi yenyewe iko hivi. Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha infraredi kwa wingi. Chukua infraredi, toa nyekundu, halafu gawanya kwa jumla ya zote mbili: unapata namba kati ya -1 na 1. Mikoko ikinawiri namba iko juu, ikifa inashuka.

Sasa tuje Mombasa. Mwaka 2005 meli Ratna Shalini ilivujisha mafuta bandarini, na takriban hekta 234 za mikoko ya Port Reitz zikaathirika. Mafuta yakiganda kwenye ile mizizi ya mchu inayochomoza topeni, mti unakosa hewa. Lakini majani hayapukutiki siku hiyohiyo, kwa hiyo picha ya wiki ya kwanza inaweza kukudanganya kwamba mambo ni shwari. Inabidi ufuatilie kwa miaka.

Mtego wa pili ni kijani chenyewe. Mwani na mimea midogo inayovumilia chumvi ikiota pale mikoko ilipokufa, namba inapanda. Satelaiti inakwambia kijani kimerudi, haikwambii kama ni mchu. Ndiyo maana lazima ulinganishe na mikoko ya jirani isiyoguswa, msimu uleule, maji yakiwa yametoka vilevile. Kisha mtu ashuke topeni ahesabu miche, maana mafuta yaliyozama kwenye tope lisilo na hewa huweza kukaa miongo.

Kwa nini nalileta hapa? Bomba la kutoka Hoima, kilomita 1,443, mwisho wake ni Chongoleani, Tanga, jirani na mikoko. Likitokea la kutokea, mvuvi ataulizwa hali ilikuwaje kabla. Picha za zamani atazikuta, ila miche haihesabiki tena baada ya mafuta kumwagika. Wenye wanafunzi wa jiografia huko nyumbani, wapeni kazi hii mapema.